Test ya efori ilitoka muzuri, kisha miezi tatu krizi ya moyo. Damu haingetuonyesha?

Mwana_Katuba: Bandugu jambo. Yaya yangu eko na myaka 52, tansio iko, na sigara alivuta tangu bujana. Mwezi ya tatu alifanya test ya efori, ile ya kukimbiza moyo ili baipime, hapa Lubumbashi, bakasema moyo iko muzuri, tukarudia nyumba na furaha, alafu mwezi ya sita asubui maumivu mu kifua, mukono ya kushoto, jasho ya baridi, troponini juu sana, krizi ya moyo. Mungu alisaidia eko muzima. Sasa ginsi gani test iseme muzuri alafu mushipa ifunge? Na mie niko na 47, navuta pia, iko test ya damu yenye inaweza nionyesha mbele? Labo moja baliniambia fanya CRP tu.

labo_ya_kenya: Ndugu natumika ku labo. CRP ya kawaida inapanda hata na malaria, hata na jino ya kuoza, inasema mwili iko na moto lakini haiseme wapi. Kwa moyo iko ile ya sensibilite ya juu, chini ya 1 mg/L hatari iko kidogo, juu ya 3 inaongezeka, ikipita 10 rudilia kisha wiki mbili juu pengine ni infeksio. Troponini nayo inapanda wakati nyama ya moyo imekwisha umia. Balijaribu zingine, myeloperoksidaze, PAPP-A, hakuna hata moja yenye inakuonyesha kidole plaki (mafuta yenye kushika ndani ya mushipa) yenye itapasuka.

Docta_Ruashi: Mukubwa pole sana kwa yaya. Test ya efori inatafuta mushipa yenye imebanwa, moyo ikikimbia damu inakosa kupita. Plaki yenye kupasuka mara mingi haibane sana! Mu utafiti PROSPECT ya 2011, bagonjwa 697 balifuatwa myaka 3, plaki zenye hazikutibiwa alafu zikaleta shida zilikuwa zinabana paka 32% hivi ku mwanzo. Ndani mafuta laini, juu yake kingozi chembamba chini ya mikromita 65, kikipasuka damu inaganda pale pale. OCT, picha ya mwanga, inaona kile kingozi lakini inapita na kateta (kamupira kembamba) ndani ya mushipa, mutu muzima hatumufanyie vile. Iko skaneri ya mishipa ya moyo na kontraste, inaona plaki laini na mushipa yenye kuvimba inje. Kule Scotland, utafiti SCOT-HEART, batu 4.146, kisha myaka 5 bale ba skaneri 2,3% balipata krizi ao kufa na moyo, bale bila skaneri 3,9%, na sababu kubwa njo hii: baliona plaki bakaanza dawa. Statini, dawa ya kushusha kolesteroli, inafanya kile kingozi kikuwe kinene. Mie ningeanza na LDL (kolesteroli mubaya), sukari, tansio, kuacha sigara, skaneri munganga wako ataamua. Yaya anakunywa statini kila siku?

Mama_Kamalondo: Ile swali ya docta jibu mbio mwanangu. Bwana yangu aliacha zake juu alijisikia muzuri, akarudilia ku opitali.

Mwana_Katuba: Nimemupigia sasa hivi. Boite iliisha tangu wiki mbili, alingoja randevu. Niko njiani ya farmasi, na kesho asubui naenda ku LDL na tumbo wazi.

Docta_Ruashi: Mutumie leo leo. Na ile sigara yako?

Mwana_Katuba: Paketi nimeacha ku nyumba ya jirani, docta.