Ati "si ungezitumia"! Nimebadilishiwa mita leo, niko gizani na samaki wangu tasi

BarafuZaChuno (mwanzisha uzi)

Salamu baadaye. Simtaji mtu wala ofisi, nyie wote mnawajua, wale wa ngazi na kofia ngumu, wale ukiwapigia unaambiwa mafundi wako njiani, njia yenyewe sijui inazungukia Msumbiji.

Leo saa nne asubuhi wamekuja watatu, mita yako imechoka tunakuwekea mpya, bure, hutoi hata senti. Nikafurahi mimi mjinga. Nikawatolea viti, nikawatolea na juisi ya ubuyu ya baridi kwenye glasi za wageni, zile ambazo shemeji yangu tangu anioelee dada hajawahi kuzigusa. Wakazima umeme wakasema dakika ishirini tu. Wakuu, mwanangu ametoka shule ananiuliza mama bado? Kaondoka asubuhi yuko la tatu, karudi kama wa la tano.

Sasa sikilizeni. Ile mita ya zamani ilikuwa na unit 143. Nimezisoma kwa macho yangu kabla hata sijapiga mswaki. Unit moja 356, pigeni hesabu wenyewe, ni elfu hamsini na ushee, hela ya barafu ya wiki mbili hiyo. Naona kijana anaifungua anaitupia kwenye kiroba kama kabeba muhogo. Nikamuuliza kwa adabu, kaka, na unit zangu zilizomo humo? Akapiga funda la ubuyu. Akaitazama glasi. Akaniambia "Mama, sasa ulikuwa unazitunza za nini, si ungezitumia."

SI UNGEZITUMIA.

Nizitumieje?? Nipige pasi majani ya mwembe? Niwashe jiko nikaupikie ukuta? Na ule ubuyu anaokunywa umepozwa na nini kama sio unit hizo hizo! Kaweka glasi chini kwenye mchanga, kwenye MCHANGA, kapanda gari kaenda. Na hilo "mama" lake, mimi nina miaka 31.

Mita mpya inasoma sifuri. Nimenunua umeme wa elfu kumi kwenye simu, nimeingiza zile namba 20, imekataa. Nimerudia mara tatu, mara ya tatu nimesoma na bismillahi, imekataa. Kwenye dipfriza nina tasi kilo kumi na nane wa wavuvi wa Msangamkuu, barafu za ukwaju zimeshakuwa uji. Gesi inatoka Mnazi Bay hapa pua na mdomo, bomba lilishafika Dar tangu 2015, mimi wa Chuno, hapa hapa Mtwara, nachati kwa kibatari na chaji asilimia 19.

Si ungezitumia. Khaa.

MtaniWaMasasi

Pole mtani. Ila na wewe, kwani si ungezitumia? 😂😂

BarafuZaChuno

Wewe tukikutana msibani kwenu utanitambua.

NdugaiNduguye

Juisi kwenye glasi za wageni, ulitaka uolewe na mmoja wao sema ukweli

FundiWaya

Dada yangu punguza moto usome. Tokeni, yaani hizo namba 20, inatengenezwa kwa namba ya mita moja tu, haiingii kwenye nyingine hata kwa dua. Wewe umenunua kwa namba ya zamani ambayo umeisevu kwenye simu, sivyo? Hiyo mita iko kwenye kiroba saa hizi. Mita mpya ina namba mpya, nunua kwa hiyo. Elfu kumi yako nayo imekwenda kwa marehemu, utaidai pamoja na zile 143.

BarafuZaChuno

Namba mpya iko kwenye mita, mita iko juu ya nguzo, nipande kama ngedere na hili dera?

Ligula_B

Namba si imebandikwa kwenye rimoti ya kuingizia umeme uliyoshika mkononi, igeuze nyuma

BarafuZaChuno

...

Nimeiona.

Lakini hiyo haibadilishi kitu! Kwanini asiniambie? Mdomo wa kuniambia si ungezitumia alikuwa nao, wa kuniambia namba mpya hii hapa ulikuwa umejaa ubuyu!

Ligula_B

😂😂😂 nimelia

MtandaLindi

Shukuruni nyie wa Mtwara. Mimi nilikuwa ule umeme nafuu wa matumizi yasiyozidi unit 75 kwa mwezi, nauziwa 122 kwa unit, nina taa tatu na redio ya marehemu baba. Wamebadilisha mita, nanunua elfu kumi nategemea unit za kunitosha mpaka nisahau, naletewa 28. Ishirini na nane! Nauliza naambiwa mita mpya ilianzishwa kwa bei ya kawaida, andika barua. Barua nimeandika, majibu bado, redio ya baba ndio imezimwa. Unit 143 utarudishiwa, mimi kila nikinunua nanyongwa upya.

BarafuZaChuno

Ndugu yangu pole lakini huu uzi ni wangu.

FundiWaya

Wote wawili mngeuliza kabla hajapanda ngazi. Siku ya kubadilishiwa, kwanza kitambulisho, maana wapo vishoka, mafundi feki. Halafu piga picha mita ya zamani ikiwa bado inawaka, namba yake ionekane na unit zilizobaki zionekane, na uhakikishe salio limeandikwa kwenye ile fomu kabla hujasaini. Salio haliruki lenyewe kwenda mita mpya, ni mpaka wakutengenezee tokeni yake. Wakishafunga, shusha swichi kubwa uangalie ile taa nyekundu ya mita, ikiendelea kupepesa na ndani hamna kinachotumia wasiondoke. Dada una picha?

BarafuZaChuno

Nina picha ya wao wanakunywa juisi. Niliwapiga niweke status.

FundiWaya

Nimestaafu.

MtaniWaMasasi

Kuza hiyo picha mtani, labda mita inaonekana nyuma yao

BarafuZaChuno

Inaonekana kiroba.

Mwl_Nanyamba

Nyie mnalalamika tarakimu 20, mmesahau 2024 ile ya kuboresha mita tuliingiza 60? Ishirini, ishirini tena, ndio ishirini za umeme wenyewe. Bi mkubwa wangu hapa Nanyamba ana miaka sabini na kitu, nilimsomea kwa simu namba zote, tumefika ya 57 akaniuliza "hiyo ni nne au nane?" Tulianza upya. Eti saa ya mita zilihesabu dakika tangu 1993, na hesabu iliishia Novemba 24.

NdugaiNduguye

Mwalimu anafundisha mpaka kwenye malalamiko ya watu

BarafuZaChuno

Hakuna aliyejibu swali langu. NINGEZITUMIAJE.

MtandaLindi

Subiri na kodi ya jengo, ile wanayokata ukinunua umeme, ikuanzie kwenye hiyo namba mpya utajua hujui

Tandahimba_Finest

Jamani samahani natoka nje ya mada kidogo. Hivi hela za mnada wa korosho zimeingia kwa mtu yeyote? Mimi mzigo uko ghalani, karatasi ninayo, kila nikienda chama cha msingi naambiwa wiki ijayo.

Ligula_B

Huu ni uzi wa umeme kiongozi

Tandahimba_Finest

Si kitu kimoja? Yeye ana unit hazioni, mimi nina hela siioni.

MtaniWaMasasi

Kwetu wameingiza juzi lakini pungufu, makato yamekuwa mengi kuliko korosho zenyewe

Tandahimba_Finest

Pungufu kiasi gani? Na mlipeleka daraja la kwanza au la pili?

Mwl_Nanyamba

Daraja la kwanza mwaka huu wanalikataa hata ukaliogeshe. Mimi nimerudishwa na magunia mawili eti unyevu.

Tandahimba_Finest

Unyevu!! Mimi pia! Mvua haijagusa!

MtaniWaMasasi

Kuna jamaa yetu kaambiwa korosho zake "zimechoka"

BarafuZaChuno

Zimechoka kama mita yangu. Angewapa juisi.

NdugaiNduguye

Dada huo umeme umerudi?

BarafuZaChuno

Umerudi, nimenunua kwa namba mpya. Elfu kumi ya pili leo. Kesho naenda ofisini kwao na kiroba changu mwenyewe, nisipomkuta nitaacha ujumbe.

NdugaiNduguye

Na wale tasi?

BarafuZaChuno

Wamelegea kidogo ila wazima, hawajanuka. Nikiwagandisha tena watakuwa sponji. Nawauza usiku huu huu, fungu elfu nne.

NdugaiNduguye

Tatu.

BarafuZaChuno

Tatu na nusu, na unakuja na mfuko wako.

MtaniWaMasasi

Niwekee mawili mtani, namtuma kijana wa bodaboda. Usimpe juisi.