Naomba ushauri: kontrola imevimba, mantiki niihamishie wapi?

Wakuu, habari za kazi. Nina mfumo wa kikundi cha kuweka na kukopa, nimeujenga kwa Laravel (fremu ya PHP ya kujengea tovuti). Kurasa zote zinaandaliwa kwenye seva na kufika kwenye kivinjari zikiwa HTML kamili, maana wanachama wengi wanatumia simu za bei nafuu na bando la kupima.

Kinachonikosesha usingizi ni kontrola ya mikopo, yaani sehemu ya msimbo inayopokea maombi ya kivinjari na kuamua kijibiwe nini. Ilianza na mistari 80, sasa imepita 900. Inakagua fomu, inapiga hesabu ya riba, inaandika kwenye hifadhidata, inatuma SMS, kisha inachagua ukurasa wa kuonyesha. Nikigusa riba, SMS zinagoma.

Kosa moja nimeshalitibu: mtu akipakia upya ukurasa baada ya kulipa, rejesho liliingia mara mbili. Sasa nikipokea POST (ombi linalotuma fomu) najibu kwa 303 (jibu la kukielekeza kivinjari kwenye anwani nyingine), kivinjari kinachukua ukurasa mpya kwa GET (ombi la kusoma tu). Lakini mtandao ukiwa mzito, akabonyeza kitufe mara mbili, bado linajirudia. Nafikiria kila fomu ibebe namba yake ya pekee, na hifadhidata iikatae ikirudi.

Je, hesabu ya riba ikae kwenye modeli (msimbo unaowakilisha data za hifadhidata), au niunde tabaka la huduma katikati, la kushika kanuni za mikopo tu? SMS nitaziweka kwenye foleni, zitumwe pembeni bila kumsubirisha mtumiaji.

Mwenzangu anataka tuandike upya kwa React, maktaba ya JavaScript inayojenga kurasa ndani ya kivinjari. Mimi siafiki, ni kijisehemu cha salio tu kinachohitaji kubadilika papo hapo, naona htmx inatosha (maktaba ndogo inayobadilisha kipande cha ukurasa kwa HTML kutoka kwenye seva).

Aliyepitia hili alianza kukata wapi? Mfumo uko hewani, na fedha ni za watu.