Kahawa, bitiruti au vidonge: kipi kinasaidia kwenye kilomita 21?

Mwanga21: Wakuu, habari za jioni. Najiandaa na nusu marathoni ya Kilimanjaro, pale Moshi. Hadi kilomita ya 14 niko vizuri, baada ya hapo miguu inakuwa mizito na pumzi inakata. Hela yangu inatosha kitu kimoja tu. Jimu wananishauri beta-alanini, ile poda ya misuli, jirani anasema juisi ya bitiruti, duka la dawa wamenionyesha vitamini C na E za dozi kubwa. Nichukue kipi? Mimi ni mwanamke, kilo 60.

LisheKwanza: Dada, beta-alanini iache. Inasaidia zaidi juhudi kali za dakika 1 hadi 10, wewe utakuwa barabarani saa mbili. Halafu ni ya kunywa kila siku kwa wiki kama 4, na ngozi inachomachoma usoni na mikononi.

Mimi naweka kahawa ya kwanza. Kiwango kinachofanya kazi ni miligramu 3 hadi 6 za kafeini kwa kila kilo ya mwili, saa moja hivi kabla ya kuanza. Kwako ni kuanzia 180, kama vikombe viwili vya kahawa nzito. Kafeini inaziba njia ya adenosini, kemikali inayouambia ubongo kwamba umechoka, ndiyo maana mwendo uleule unauona mwepesi. WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni, waliitoa kwenye orodha ya vilivyokatazwa mwaka 2004.

Shamba_la_Lushoto: Naomba niitetee bitiruti. Wengi wanainywa kuongeza damu, wakati madini yake ya chuma ni kidogo. Kinachofanya kazi ni naitreti: bakteria wa kwenye ulimi wanaigeuza kuwa naitraiti, mwili unaigeuza kuwa naitriki oksaidi, mishipa inatanuka na misuli inatumia oksijeni kidogo kwa kazi ileile. Kunywa saa 2 hadi 3 kabla. Asubuhi hiyo usisukutue kwa dawa ya kuua vijidudu mdomoni, utawaua bakteria haohao. Na ukiona mkojo wa pinki usishtuke.

LisheKwanza: Sawa mkuu, ila kwa waliobobea faida yake hupungua, na glasi ya blenda huwezi kujua ina naitreti kiasi gani.

KochaIten: Mimi niko Iten, Kenya, mji wa wakimbiaji. Huku ni ugali, sukuma wiki na chai ya maziwa yenye sukari. Watafiti walipopima mlo wa wakimbiaji wa Kikalenjin, karibu robo tatu ya nguvu ilitoka kwenye wanga. Dada, hiyo kilomita ya 14 naiona ni njaa. Mbio za zaidi ya saa moja zinataka gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa. Nusu lita ya maji, sukari vijiko vikubwa viwili na nusu, chumvi kidogo: hapo una kama gramu 30 tayari. Poda za jimu nyingine zina vitu visivyoandikwa kwenye lebo, na ukipimwa ukakutwa navyo, wa kujibu ni wewe.

NesiTabora: Kabla ya kununua chochote, kapime himoglobini (wingi wa damu) na feritini (akiba ya chuma mwilini). Kwa wanawake wanaokimbia, hasa wenye hedhi nzito, akiba ya chuma inaweza kuisha huku himoglobini bado iko sawa, na uchovu wake ndio huohuo unaousema. Ikiwa chini, vidonge vya kuongeza damu vitakusaidia kuliko kahawa na bitiruti. Usivimeze bila kipimo, chuma kikizidi kinadhuru ini. Chai inazuia mwili kufyonza chuma, isogeze mbali na chakula, mahali pake weka chungwa au limau. Hizo C na E za dozi kubwa zirudishe dukani: zinaweza hata kupunguza faida ambayo misuli inapata kwenye mazoezi.

Mwanga21: Asanteni sana. Chai nakunywa kila baada ya mlo, na asubuhi nakimbia tumbo tupu! Kesho naenda maabara. Lakini kahawa huwa inanipa kiungulia, nifanyeje?

LisheKwanza: Basi usiijaribu siku ya mbio. Kwenye mazoezi marefu ya Jumamosi kula kiazi kitamu kwanza, kisha kikombe kimoja tu. Ikikuchoma achana nayo, beba chupa ya Kocha.

KochaIten: Na uinywe kidogokidogo kuanzia kilomita ya 5, usingoje ya 14.