Watoto wa shule za mbali na barabara tunawapataje kabla ya UMITASHUMTA (Umoja wa Michezo na Taaluma kwa Shule za Msingi Tanzania)?

Mwalimu_Mgeni aliuliza:

Habari zenu walimu na wazazi. Nimekabidhiwa uratibu wa michezo na sanaa kwa shule za msingi za serikali katika kata yetu. Mwaka jana nilikwenda kwenye mashindano ya kata kama mtazamaji tu. Yalifanyika siku moja, kwenye uwanja wa shule iliyo kando ya lami. Shule ya bondeni ilifika ya mwisho. Wale watoto walianza kutembea alfajiri, wakafika jua limeshapanda, wakaingizwa uwanjani kabla hata ya kunywa maji. Walifungwa mabao mengi, safari ya kurudi ikaanza. Jioni timu ya kata ikatangazwa, karibu wote wametoka shule mbili za barabarani.

Binti mmoja wa bondeni hajanitoka akilini. Wenzake wakiwa wanafungwa, yeye alikuwa pembeni anafukuzana na wavulana, yuko peku, na anawaacha wote. Hakuna aliyempima. Riadha ilikuwa imeshaondolewa kwenye ratiba kwa kukosa muda. Sasa yuko darasa la saba na mwaka huu ndio wa mwisho kwake.

Sitaki mashindano yajayo yawe hivyo. Mliokaa muda mrefu kwenye kazi hii, mnawapataje watoto wa shule za pembezoni? Na wakishaonekana, kumbukumbu zao mnazitunza wapi?

Mama_Netiboli alijibu:

Hongera mwanangu kwa kukabidhiwa kazi, na hongera zaidi kwa kumwona huyo binti. Nimefundisha netiboli na riadha tangu nikiwa msichana hadi nimestaafu, kwa hiyo nivumilie, nitaandika kirefu.

Siku ya mashindano ya kata si siku ya kutafuta vipaji. Siku hiyo unathibitisha uliowaona tayari. Ukiisubiri, utachukua waliokula asubuhi na wanaofanya mazoezi kwenye uwanja uliosawazishwa. Anza kuzunguka shule muhula wa kwanza, kabla mvua hazijafunga njia. Mwombe Afisa Elimu Kata akuandikie barua ili mwalimu mkuu asishtuke kukuona. Kila shule ikupe kipindi kimoja cha michezo na watoto wa darasa la tano hadi la saba, wote, hata wale wanaoambiwa hawajui kitu. Usimwambie mwalimu wa michezo akuletee "wazuri". Atakuletea wale wanaomsumbua awaruhusu kucheza mpira.

Kuhusu riadha. Shule nyingi hazina njia ya kukimbilia, na hilo lisikuzuie. Uwanja wa mpira wa kawaida unatosha kuchora duara refu la mita 200. Pigilia vigingi viwili katikati ya uwanja, vikiachana mita 60. Kwenye kila kigingi funga kamba ya mita 12 na nusu, zunguka nayo nusu duara upande wa nje huku mwenzako akimwaga majivu au chokaa nyuma yako. Kisha unganisha ncha kwa mistari miwili iliyonyooka. Mtoto anakimbia nje kidogo ya mstari, na hapo umbali unakaribia mita 200 kabisa. Mizunguko minne ni mita 800. Nimechora viwanja vya namna hii kwenye shule ambazo goli zake ni miti miwili, na muda uliopatikana pale uliweza kulinganishwa na wa shule ya mjini. Hapo ndipo haki inapoanza: mtoto wa bondeni na wa barabarani wakipimwa umbali uleule, kwa saa, kila mmoja kwenye uwanja wake akiwa hajachoka.

Kwa netiboli usiangalie wafungaji peke yao. Kila mtu anawaona. Simama nyuma ya goli uangalie miguu ya mlinzi: anaruka kabla mpira haujatoka mkononi mwa mfungaji au anasubiri? Angalia na yule wa katikati, akishapokea mpira kichwa chake kinageuka upande gani. Sheria inampa sekunde tatu tu za kukaa na mpira. Binti anayejua atampa nani kabla hajaupokea, huyo utamfundisha mengine yote.

Sasa daftari, na hapa ndipo moyo wangu ulipo. Nunua kaunta buku, kila mtoto mstari wake: jina, shule, darasa, mwaka wa kuzaliwa, namba ya PREM (ya usajili wa mwanafunzi), mchezo, muda au kipimo, tarehe, na jina la aliyempima. Namba ya PREM usiiache, maana ndiyo itakayoonyesha kwamba mtoto ni mwanafunzi halali wa shule hiyo siku watu watakapoanza kulalamikia mamluki. Na usiandike michezo pekee. Mle ndani ya daftari langu kulikuwa na mpiga ngoma, waimbaji wa kwaya, mtoto wa darasa la sita aliyekuwa akiandika insha nikaisoma mara mbili, na kijana aliyeotesha miche ya shule nzima. Mtoto akipata kitu, hata kama ni nafasi ya kwanza ya hesabu ngazi ya kata, kiandikwe.

Kwa nini? Kwa sababu watoto wetu wengi wanapotelea kwenye mlango wa kidato cha kwanza. Mtoto anakimbia vizuri hadi UMITASHUMTA ya mkoa, Januari anaingia sekondari ya kata, na pale hakuna anayemjua. Mwalimu wa michezo wa sekondari anaanza upya na wale waliojitokeza wenyewe. Majina ya waliochaguliwa yakitoka, toa nakala ya ukurasa wa kila mtoto, mpelekee mwalimu wa sekondari aliyopangiwa. Nenda kwa miguu yako ikibidi. Mtoto aanze UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, akiwa na historia.

Baba_wa_Viziwi alijibu:

Naomba niongeze. Mwanangu ni kiziwi, anasoma kitengo cha elimu maalumu ndani ya shule ya serikali. UMITASHUMTA ina soka maalum kwa viziwi, na ina mpira wa goli kwa wasioona, lakini kwenye kata yetu walimu wengi hawakuwa na habari. Mwanangu alicheza kwa mara ya kwanza baada ya mwalimu mmoja kuamua kuchezesha kwa bendera badala ya filimbi. Bendera ikiinuliwa wote wanasimama, basi. Mwalimu, unapozunguka usipite kitengo hicho ukidhani ni cha watu wengine. Waulize walimu wake, wao ndio wanaojua lugha ya alama na ndio watakaokutafsiria.

Mkuu_wa_Shule alijibu:

Nakubaliana na mengi, ila mimi ndiye ninayejibu kwa wazazi. Darasa la saba wanafanya mtihani wa taifa Septemba. Mashindano yenyewe ni Juni, na kabla yake kuna mazoezi ya kata, ya halmashauri, kambi ya mkoa. Mtoto akikosa vipindi vyote hivyo kisha akafeli mtihani wa utimilifu, ule wa kujipima kabla ya wa taifa, hakuna atakayeuliza alikimbia kwa dakika ngapi. Nimewahi kukataa kumtoa mwanafunzi, na kwa mtoto yule ningefanya vilevile leo.

Mama_Netiboli alijibu:

Mwalimu Mkuu, hofu yako naiheshimu, nimeishi nayo. Lakini nilikuwepo pia mwanzoni mwa miaka ya 2000 michezo ya shule iliposimamishwa kwa hoja hiyohiyo ya taaluma. Nilibaki na mipira kabatini na mabinti waliokuwa wakija jioni kuniuliza wataanza lini tena. Wengine walimaliza shule bila kupata jibu, na sikuona madaftari yao ya hesabu yakiwa bora kwa ajili hiyo.

Jina lenyewe la UMITASHUMTA lina taaluma ndani yake, kwa hiyo kambi ikikosa muda wa kujisomea, udai, una haki. Mpe mtoto kazi za wiki, zisainiwe na mwalimu wa kambi, akirudi uzikague wewe. Na ndiyo maana nimemwambia kijana aanzie darasa la tano. Ukimgundua mtoto mapema, akifika la saba hahitaji miezi ya kumwandaa, anahitaji kulindwa asichoke.

Mwalimu_Mgeni, mawili nilisahau. Binti yeyote asiondoke kwenda kambini bila matroni na bila mzazi kusaini ridhaa, hata kama gari liko mlangoni linapiga honi. Na mzazi akitaka kuchangia maji au chakula cha watoto, mchango upitie uongozi wa kijiji na ofisi ya mkurugenzi, usishike hela mkononi.

Mwalimu_Mgeni alijibu:

Shikamoo Mama, na asanteni wote. Mkuu wangu nimemwonyesha maelezo haya, amekubali nizunguke Ijumaa mchana baada ya vipindi, naanzia bondeni. Kitengo cha viziwi kwenye kata yetu kipo kimoja, nimeshaongea na mwalimu wake. Swali la mwisho: sina saa ya michezo. Ya kwenye simu inafaa?

Mama_Netiboli alijibu:

Marahaba mwanangu. Kwa mita 800 na 1500 simu inafaa bila shaka. Kwa mita 100 kuwa mwangalifu: sauti ya filimbi inachukua karibu theluthi ya sekunde kukufikia ukiwa mwisho wa njia, na theluthi hiyo ni kubwa kwa mkimbiaji. Anayeanzisha asimame na kitambaa chekundu mkono ukiwa juu, aushushe kwa nguvu pamoja na sauti, nawe ubonyeze kwa kuona mkono. Ukiwa na simu mbili, weka watu wawili kwa mtoto mmoja. Muda wao ukipishana sana, mpumzishe kabisa kisha arudie, na uandike kwenye daftari kwamba amerudia.