Kiapo cha kuomba kuongezewa muda kimerudishwa masjala, nimekosea wapi?

mkulima_wa_ufuta
Wakuu heshima kwenu. Nilikuwa na kesi ya shamba Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, nikashindwa tarehe 6 Machi. Tarehe 9 nikapeleka barua ya kuomba nakala za hukumu na dikrii (ile amri inayotokana na hukumu), nikawa naenda narudi naambiwa bado hazijasainiwa, nimekuja kuzipata 2 Mei na siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu kwa hesabu yangu zilishaisha 20 Aprili. Nikakata tamaa nikarudi zangu kwenye ufuta. Juzi jamaa kaniambia unaweza kuomba kuongezewa muda, ndo jana tar 19 Juni nikaenda steshenari moja karibu na mahakama kuna kijana anaandika makaratasi ya kesi, kala elfu themanini yangu kanitolea chamba samansi (karatasi ya maombi yenyewe) na kiapo cha kuiunga mkono. Leo masjala mama mmoja kasoma dakika mbili tu kanirudishia, "baba ukifaili hiki utakula pingamizi siku ya kwanza". Foleni ilikuwa ndefu sikuweza kumuuliza zaidi. Baadhi ya aya ni hizi:

5. Kwamba, karani wa baraza aliniambia nakala hazijawa tayari.
7. Kwamba, kunyimwa rufaa ni kinyume cha Katiba na haki ya asili ya kusikilizwa.
9. Kwamba, naiomba Mahakama Tukufu inionee huruma kwani mimi ni mnyonge.

Mbona mi naona kimenyooka tu?

bwax
Pole mkuu, hiyo aya ya 9 imeniliza aisee 😅. Ila angalia na kule mwisho panapoandikwa "kimeapwa hapa... leo tarehe...", mimi yangu tarehe iliachwa wazi, wakili wa upande wa pili hata hakugusa hoja zangu, alisimama akasema kiapo ni kibovu, maombi yakafutwa. Bahati yalifutwa hayakutupwa, yakifutwa unaruhusiwa kurudi na karatasi zilizonyooka, shida ni kwamba huku nyuma siku zinazidi kuhesabika.

wakili_wa_mtaani
Mzee wangu shikamoo. Huyo mama wa masjala kakusaidia kuliko aliyekula elfu themanini.

Kiapo ni ushahidi wako, sema tu umekiandika badala ya kupanda kizimbani. Kinabeba mambo uliyoyaona na kuyafanya mwenyewe. Mambo ya Katiba na haki ya asili ni hoja za kisheria, hizo utazisema siku ya kusikilizwa. Kuomba huruma ni ombi na maombi yanakaa kwenye chamba samansi. Hii siyo mpya, tangu kesi ya Matovu ya Uganda mwaka 1966 mahakama zetu zinaifuata, kiapo hakitakiwi kuwa na hoja za sheria wala maombi. Na aya ya 5 ni maneno ya kuambiwa, ukishamtaja karani basi naye aape kiapo chake, na karani gani atakubali? Iandike hivi: "tarehe 9 Machi niliwasilisha barua, tarehe 2 Mei nilipokea nakala", ambatanisha barua yenye muhuri wa kupokelewa. Hapo hakuna aliyekuambia kitu.

Sasa hesabu zako. Sheria ya ukomo wa muda wa kufungua mashauri inaondoa muda uliotumika kusubiri nakala. Ukianza kuhesabu baada ya 2 Mei siku 45 zinaisha 16 Juni. Kwa hiyo mpaka leo umechelewa siku 4 mzee, siyo miezi miwili! Lakini usikae ukategemea hilo peke yake, lieleze ndani ya kiapo lionekane, halafu kila siku baada ya 16 uitolee maelezo. Mahakama ya Rufani ilishasema kwenye Bushiri Hassan dhidi ya Latifa Lukio Mashayo kwamba hata siku moja ya kuchelewa lazima ielezwe, na wanamaanisha.

Aliyekuapisha ni nani?

mkulima_wa_ufuta
Marahaba mwanangu. Ni wakili mwenye ofisi ghorofa ya juu, kijana ndo alipeleka karatasi zikarudi na muhuri. Huyohuyo wakili ndo nilikuwa na mpango anisimamie.

wakili_wa_mtaani
Yani hukumuona kabisa? Basi hujaapa mzee. Unatakiwa usimame mbele yake, usaini akiona, naye aandike jina lake, mahali na tarehe. Na kama ndiye atakusimamia haruhusiwi kukuapisha, tafuta kamishna mwingine wa viapo. Usisahau uthibitisho, useme aya zipi unazijua mwenyewe. Pale "imeandaliwa na" weka jina lako kama umeandika wewe, kuandaa nyaraka za mahakama kwa malipo bila kuwa wakili ni kosa ndo maana huyo kishoka kapaacha wazi. Na Kiswahili kinaruhusiwa, usiogope.

bwax
Si kuna yale marekebisho ya sheria ya 2018 kwamba mahakama isibanwe na ufundi ufundi?

wakili_wa_mtaani
Yapo, ila usiingie mahakamani umebeba karatasi bovu kisa hayo, kuna majaji watakuelewa na kuna watakaokuambia hayakuja kufuta masharti ya lazima. Mzee, tar 17 na 18 ulikuwa wapi?

mkulima_wa_ufuta
Kuanzia tar 15 mpaka 18 mjukuu alilazwa zahanati nililala naye mimi, cheti cha kuruhusiwa ninacho. 19 steshenari, 20 masjala.

wakili_wa_mtaani
Hiyo nayo iwekee aya yake! Ambatanisha cheti. Kesho andika upya, keshokutwa uape, ukishapandisha kwenye mfumo wa mahakama wa mtandaoni chukua kontroo namba (namba ya kulipia ada) ulipie siku hiyohiyo, maana kila siku ukilala ni aya nyingine ya kueleza. Ile barua ya tarehe 9 nakala yake yenye muhuri unayo?

mkulima_wa_ufuta
Ninayo, ila sijui mama watoto kaiweka wapi, tulihama chumba mwezi wa tano. Naingia kutafuta sasa hivi.