Amiga 1200 na Blizzard 1230: skrini ya njano mashine ikishapata moto

Swali
Wakuu, Amiga 1200 yangu (kompyuta ya zamani ya Commodore) ina kadi ya kuongeza kasi, Blizzard 1230 Mk IV: prosesa 68030 ya MHz 50, SIMM (kijiti cha memori) moja ya MB 32. Ikiwa baridi inawaka safi. Baada ya dakika kumi inaganda, na ikizimwa na kuwashwa inaleta skrini ya njano. Bila kadi haisumbui. Pawa saplai ni ile nyepesi iliyokuja nayo. Kadi imekufa?

MitaMkononi
Usiizike bado, mkuu. Njano inasema prosesa imekwama kabla Kickstart, programu ya kuwashia mashine iliyo kwenye ROM, haijajipanga. Nani kaikwamisha, haisemi. Nyekundu ingekuwa hitilafu ya ROM, kijani ya memori ya chip, ile ya kwenye bodi inayotumiwa pia na chipu za picha na sauti.

Anza na umeme. Saplai hiyo hutoa ampea 3 tu kwenye volti 5. Ile nzito ya Amiga 500 inapita 4, na plagi ni moja. Pima volti 5 kwenye soketi ya umeme wa flopi, kadi ikiwa imechomekwa na mashine inafanya kazi. Bila mzigo hata saplai mbovu inasoma 5 kamili. Chini ya 4.75, usihangaike na kadi kwanza.

Risasi60
Shika namba 2 kwenye kibodi wakati wa kuwasha. Kadi inajitoa, 68020 ya bodi inashika kazi. Ikitulia hivyo, chomoa SIMM ujaribu kadi peke yake. Jampa ya MAPROM nayo izime: inanakili Kickstart kwenye memori ya kadi, kwa hiyo memori mbovu inaondoka na mfumo mzima. SIMM iwe ya nanosekunde 60.

Mimi ningebadilisha kapasita za bodi mapema. Zile za A1200 huvuja.

MitaMkononi
Zikivuja, ndiyo, ila kuchomoa kapasita kabla ya kupima ni kutafuta kung'oa pedi zinazoshika kapasita kwenye bodi. Safisha kwanza meno ya kiunganishi cha chini, kinachochomekwa kadi, kwa alkoholi ya isopropili. Msasa hapana, unakwangua dhahabu.

Muuliza swali
Kadi ikiwemo inasoma 4.68, na inashuka kadiri inavyopata moto. Kwa saplai ya A500 ni 5.02, kwa muda wa saa tatu haijaganda. MAPROM naiwasha tena?

Risasi60
Washa. Kickstart itasomwa haraka zaidi.