Mrejesho: kale kalaptop kamewaka na Puppy Linux

Wakuu, niliuliza kwa nini kalaptop kangu ka zamani ka prosesa ya Atom N270 kanagoma kuwaka na Puppy Linux (mfumo endeshi mwepesi, kama Windows ilivyo mfumo endeshi) ya kwenye flashi, kumbe nilidaunlodi ya bit 64 na prosesa yenyewe ni ya bit 32 tu 😂 nimeweka ya bit 32 ikawaka bila ubishi. Mfumo wote unapanda kwenye RAM (kumbukumbu ya muda, inafutika ukizima) kwa hiyo hata hard disk nimeichomoa, kelele hakuna. Ila mara ya kwanza nilizima bila kutengeneza faili la kuhifadhi mabadiliko yangu, kila kitu kikapotea mpaka pasiwedi ya waifai, nilijiona bwege kweli. Brauza ndo bado mtihani, RAM giga 1, tabo tatu tu kanaanza kuhema. Asanteni mlionambia nicheki prosesa kwanza.